Utenzi wa Bawabu na wa Ndani

Kwenye ofisi Langoni,
juu ya duka sokoni,
punda wamo mtamboni
na chanjo zilotimia.

Bi Zena akabonyeza,
kiduara kikacheza,
kisha kikajipoteza
na kosa likatokea.

Ni mia tano na mbili,
lango halina kauli;
akaniita kwa mbali:
«Shekuwe, ndoo sikia,

yana yalipita mema,
yeo mbona imegoma?
Nikirudi, yaja njema,
mara tena yapotea.»

Na punda nje kafungika,
matofali kayatweka,
mwenyewe ashachemka
kibali kukingojea.

«Nenda, bwana, uje kesho,»
nikasema kwa majasho;
akafyatua la mwisho:
«Kalamu ilitufaa!»

Mtambo huu ni nyumba
ya daka, ndani na chumba;
mgeni, hata katamba,
ndani hawezi ingia.

Dakani yupo bawabu,
apokea kwa adabu,
ndani hufuata jibu
mgeni kumtolea.

Kwanza nalishuku ndani:
kalala mwenye jikoni,
au hayumo nyumbani?
Nikaenda kuchungua.

Nikampigia hodi
bila bawabu, kusudi;
akajibu kwa juhudi
mara mia, mara mia.

Kumbukumbu tele ipo,
nafasi ilikuwapo,
umeme nao u papo;
kosa wapi laanzia?

Nikafungua shajara:
saa, nambari, ishara,
hadi macho yakafura
na kahawa ikapoa.

Nje mji umenyamaza,
feni tu yanong'oneza,
punda mbali kajiliza,
saa saba ikalia.

Bawabu kaliandika:
«Mlango ulifungika
kabla jibu kufika.»
Hapo nikajiinua.

Nani aliyeufunga?
Si ukuta wa kukinga,
si nyaya zilizotanga.
Nilianza kutambua.

Wa ndani, akishajibu,
humngojea bawabu
sekunde tano, hesabu,
kisha komeo hutia.

Bawabu ana sitini
alizopewa zamani;
yu na hakika moyoni
mlango wamngojea.

Akirudi mara moja
mlango bado wangoja;
akichelewa kwa haja
uso mbaoni hutua.

Ndiyo maana mchana,
watu wakisukumana,
makosa hukosekana;
kimyani huchipukia.

Mama alinifundisha:
hodi tatu hukutosha;
kimya? Miguu rejesha
bila moyo kuumia.

Huyu bawabu wa chuma
hajui kurudi nyuma;
hodi moja, ashahema
na mgeni kumzomea.

Nikatazama ya kale,
nani kaandika ile
tano iliyopo pale:
jina langu latokea.

Ni mimi, mwezi wa tumu,
njaa na haraka humu,
nikaona si muhimu
nambari kufikiria.

Nikaifuta ya tano,
sabini ikawa neno,
wakapatana maono,
wa ndani amngojea.

Asubuhi Zena tena
akabonya, akaona
jina la punda, na jina
la mwenye, yametokea.

Kibali kikachapika,
mwenye punda kakishika,
hakusema, akacheka,
uchochoro kaingia.

Wapangaji nyumba moja,
kila mtu na kungoja,
muda wasipoutaja,
mgeni ndiye hulia.

Ila jana, wamelala,
likaja geni, la hila:
mia tano nne. Wala
kahawa sijajitia.